Mjumbe na Muda Wake: Habari za Baraza la Uganda

Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hana budi kurudi kwa waliomtuma awaeleze aliyoyatenda. Katika historia ya Uganda, jambo la kurudi huko limekuwa zito kuliko lile la kutumwa.

Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1921, wajumbe wake wote walikuwa Wazungu. Mhindi wa kwanza aliingia mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza, watatu tu, mwaka 1945. Waliteuliwa na Gavana, basi hesabu yao ilikuwa kwa Gavana. Oktoba 1958 ndipo baadhi ya Waafrika walipochaguliwa kwa kura za watu, tena si za watu wote, kwani mpiga kura alitakiwa awe na ardhi, au elimu, au mapato ya kiasi fulani. Buganda ilikataa kushiriki.

Uchaguzi wa Aprili 1962 ulileta Baraza la Taifa, ingawa wajumbe 21 wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko. Muda wa Baraza hilo ulikuwa miaka 5. Tarehe 15 Aprili 1966 wajumbe wakakubali katiba mpya ambayo hawakupata kuisoma. Waliambiwa kwamba nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Twajiuliza hata leo: mtu anayepitisha asilolisoma amemwakilisha nani? Mwaka 1967, muda wao ulipokuwa ukimalizika, wajumbe wale wale walitunga katiba nyingine, wakaendelea kuketi bila ya kurudi kwa waliowachagua. Januari 1971 jeshi likatwaa serikali, na Baraza likavunjwa. Uchaguzi mkuu mwingine haukuwapo hata Desemba 1980. Mtoto aliyezaliwa siku ya Uhuru alikuwa amekwisha kutimiza miaka 18.

Waliotunga Katiba ya mwaka 1995 walikuwa na kumbukumbu hizo. Kadhalika waliweka viti vya wanawake wa kila wilaya, vya vijana, vya wafanyakazi na vya wenye ulemavu, lakini kwa maoni yetu Kifungu cha 84 ndicho kilichokuwa kipya zaidi. Kiliwapa wapiga kura haki ya kumwita mjumbe wao arudi kabla ya muda wake, akiwa hajiwezi kwa maradhi ya mwili au akili, au ametenda mabaya, au amewatupa watu wake bila ya sababu ya haki. Shauri hilo lilihitaji sahihi za thuluthi mbili za walioandikishwa, na hapo kweli palikuwa na mlima. Mwaka 2005, nchi ilipokuwa ikirejea katika vyama vingi, Bunge liliongeza maneno kwamba haki hiyo itakuwapo wakati wa utaratibu wa Movement peke yake. Kifungu kikabaki kitabuni, na nguvu yake ikaondoka.

Desemba 2017, katika mswada ule ule ulioondoa ukomo wa umri wa Rais, wabunge walijiongezea muda kutoka miaka 5 hadi 7, nao waliokuwamo Bungeni wangefaidika. Safari hii watu walikwenda mahakamani. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale Julai 2018, iliacha habari ya umri ipite, lakini ile miaka miwili ikaifuta, na wabunge wakarudi kwa wapiga kura Januari 2021.