Mitambo ya upepo inayoelea baharini: Inafanya kazi, lakini bei je?

Kilomita 25 hivi kutoka mji wa Peterhead, Uskoti, kuna mitambo mitano ya upepo iliyosimama katikati ya bahari. Hapo kina kinafika mita 95 hadi 120. Hakuna mtambo hata mmoja uliosimikwa chini. Yote inaelea.

Hiyo ndiyo Hywind Scotland, mali ya kampuni ya Equinor ya Norwei na mbia wake Masdar wa Abu Dhabi. Ilipozinduliwa Oktoba 2017 lilikuwa shamba la kwanza la aina yake duniani, lenye megawati 30. Tangu hapo swali si tena kama mitambo hii inaweza kuelea. Swali ni kama umeme wake utauzwa kwa bei inayobebeka.

Kwa nini ielee?

Mitambo mingi ya baharini husimama juu ya nguzo zilizopigiliwa chini ya bahari. Kina kikipita mita 60 hivi, nguzo inakuwa ndefu na nzito mno, na gharama inapaa.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya upepo mzuri wa bahari iko huko kwenye kina. Nchi kama Norwei, Ureno na Japani hazina nafasi kubwa ya kuchagua, maana bahari yao inakuwa na kina kirefu karibu tu na pwani.

Mbona haipinduki?

Chukua chupa ya plastiki, tia mchanga kidogo, funga kizibo, iweke majini. Itasimama wima, na ukiisukuma itarudi. Hywind ni hivyohivyo. Chini ya kila mtambo kuna silinda ya chuma iliyozama karibu mita 78, na kitako chake kimejazwa uzito. Minyororo mitatu yenye nanga huizuia isichukuliwe na mkondo, na kebo hupeleka umeme nchi kavu.

Ureno walichagua njia nyingine. Kwenye WindFloat Atlantic, karibu na Viana do Castelo, kila mtambo umekaa juu ya chelezo cha nguzo tatu. Chelezo hicho hakizami sana, kwa hiyo mtambo mzima unaunganishwa bandarini, halafu meli za kuvuta zinaupeleka baharini. Shamba hilo lina mitambo mitatu na megawati 25, na lilikamilika 2020.

Umeme unatoka wa kutosha?

Ndiyo. Katika miaka mitano ya kwanza, Hywind Scotland ilitoa wastani wa asilimia 54 ya umeme ambao ingetoa kama ingefanya kazi kwa nguvu zote saa 24. Kwa mtambo wa upepo, hicho ni kiwango cha juu sana.

Ukiharibika je?

Hapa ndipo gharama inapoonekana. Mtambo wa nguzo hutengenezwa palepale, kwa meli yenye kreni inayosimama kwa miguu yake chini ya bahari. Kwenye kina kirefu meli hiyo haisimami. Ndiyo maana mwaka 2024 mitambo yote mitano ya Hywind Scotland ilifunguliwa minyororo na kuvutwa hadi Norwei kwa matengenezo makubwa. Huo wote ni muda ambao umeme hautoki.

Bei ikoje?

Mwaka 2024 Uingereza iliupa mkataba mradi wa Green Volt, wa megawati 400, utakaojengwa mbali na pwani hiyohiyo ya Uskoti. Bei ni pauni 139.93 kwa kila uniti 1,000 za umeme, kwa thamani ya pesa ya 2012. Mnada huohuo, mitambo ya nguzo ilipata hadi pauni 58.87. Yaani umeme wa kuelea umezidi mara mbili.

Norwei nayo ilionja uchungu huo. Mwaka 2023 ilizindua Hywind Tampen, yenye mitambo 11 na megawati 88, inayopeleka umeme kwenye majukwaa ya mafuta na gesi. Mwaka huohuo Equinor iliuweka kando mradi mkubwa zaidi wa Trollvind, ikitaja kupanda kwa gharama kama sababu mojawapo.

Nini kitashusha bei?

Kwanza, wingi. Leo kila mradi unakuja na umbo lake la chelezo, karibu kama kushona nguo moja moja. Kiwanda hupata unafuu kikitoa kitu kilekile mara mia.

Pili, bandari. Zinahitajika gati imara, maji yenye kina na eneo kubwa la kuunganishia. Bandari za hivyo ni chache, na kujenga mpya huchukua miaka.

Tatu, maelewano na wavuvi. Minyororo na kebo hutanda majini, na meli ya kukokota nyavu haiwezi kupita humo. Wavuvi wasiposhirikishwa mapema, mradi unakwama kwenye vibali.

Kwa hiyo ukisikia shamba jipya la kuelea limetangazwa, usiangalie megawati peke yake. Uliza bei ya uniti, na uliza ni bandari gani itakayolijenga. Majibu hayo mawili ndiyo yatakuonyesha kama litafika baharini au litabaki kwenye karatasi.