Kutoka Upatu hadi Ruzuku: Mifuko ya Wanawake na Harakati za Kifeministi za Ngazi ya Jamii Tanzania

Historia ya harakati za wanawake nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kupitia viongozi, mikutano na sheria. Suala la fedha limebaki pembeni, kana kwamba nauli, karatasi, chakula cha wajumbe na kodi ya ukumbi vilijilipa vyenyewe. Sehemu hii inalichunguza suala hilo kupitia mifuko ya wanawake, yaani asasi zinazokusanya fedha kwa lengo mahususi la kuzigawa kama ruzuku kwa vikundi na mitandao ya wanawake. Hoja inayojengwa ni kwamba mifuko hiyo haikuleta utamaduni wa kuchangiana, iliukuta. Ilicholeta ni uwezo wa kuvuka mipaka ya mtaa na wilaya na, pamoja na uwezo huo, masharti yake.

Ushahidi wa utamaduni huo ni wa zamani. Margaret Strobel, katika utafiti wake kuhusu wanawake wa Mombasa, anavionyesha vyama vya lelemama vikiwa na vyeo, mashindano na gharama ambazo wanachama walizibeba wenyewe. Upatu nao, ambao jina lake ni lile lile la sahani ya shaba inayopigwa ngomani, uliwezesha kila mwanachama kupokea kwa zamu fungu ambalo peke yake asingelipata kwa haraka. TANU ilipoanza kuwatafuta wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed hakuanza na orodha tupu. Susan Geiger, katika *TANU Women* (1997), anaeleza jinsi vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vilivyogeuka njia ya kuandikisha wanachama: viongozi wa ngoma waliitwa, nao wakawaita watu wao. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba harakati zilipata mtandao uliokwisha kugharamiwa.

Baada ya uhuru mtandao huo uliingizwa katika muundo wa chama. Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), ulioundwa mwaka 1962, uliwapa wanawake jukwaa la kitaifa, lakini rasilimali na ajenda zake ziliambatana na za chama tawala. Mageuzi ya miaka ya 1990 yalifungua nafasi nyingine. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) ulianzishwa mwaka 1993, na muda mfupi baadaye likazaliwa Baraza la Wanawake Tanzania (BAWATA). Baraza hilo lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutiwa usajili mwaka 1997, kwa madai kwamba lilikuwa likijiendesha kama chama cha siasa. Mahakama Kuu ilikuja kuliunga mkono mwaka 2009, muda ambao ni mrefu mno kwa chombo kilichokwisha kutawanyika. Mara nyingi tukio la BAWATA husomwa kama sura ya historia ya vyama vingi. Kwa mjadala huu lina funzo la pili: harakati zilizowekwa zote ndani ya chombo kimoja kilichosajiliwa zinaweza kuondolewa kwa barua moja.

Wakati huo huo, nje ya Afrika ya Mashariki, wazo la mfuko wa wanawake lilikuwa limekwisha kuchukua umbo. Mama Cash ilianzishwa Amsterdam mwaka 1983 na wanawake watano, mmoja wao Tania Leon kutoka Afrika Kusini. Mtaji wa mwanzo ulitokana na urithi wa Marjan Sax, aliyeukopesha mfuko fedha hizo ili faida yake itumike kusaidia vikundi ambavyo wafadhili wa kawaida hawakuvitazama. Mfuko wa Global Fund for Women ulifuata Marekani mwaka 1987. Hatua yenye uzito zaidi kwa bara hili ilikuwa kuanzishwa kwa African Women's Development Fund (AWDF) mwaka 2000 na Bisi Adeleye-Fayemi, Joana Foster na Hilda Tadria, wanawake kutoka Nigeria, Ghana na Uganda. Kwa mara ya kwanza maamuzi kuhusu ruzuku kwa wanawake wa Afrika yalifanywa na mfuko wa Waafrika wenyewe wenye upeo wa bara zima, hata kama sehemu kubwa ya fedha iliendelea kutoka mbali.

Mfuko wa Wanawake Tanzania (WFT) ulianzishwa mwaka 2008 katika mkondo huo. Umeunganisha utoaji wa ruzuku, kujengea vikundi uwezo na kujenga miungano. Umuhimu wa ruzuku ndogo unaonekana vizuri ukilinganishwa na hali ya kifedha ya asasi zenyewe: uchunguzi wa AWID ulibaini kwamba kipato cha kati cha asasi za wanawake zilizohojiwa duniani kwa mwaka 2010 kilikuwa dola 20,000 za Marekani. Asasi ya kiwango hicho haiwezi kuajiri mtu wa kuandika maombi marefu ya fedha. Mfadhili mkubwa, kwa upande wake, huona gharama ya kusimamia ruzuku ya shilingi milioni chache kuwa kubwa kuliko ruzuku yenyewe. Mfuko husimama katikati: hupokea fungu kubwa, huligawa, na hubeba mzigo wa hesabu.

Mchakato wa Katiba ndio uliouweka utaratibu huu kwenye mtihani. Baada ya Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2011 na kuundwa kwa Tume ya Jaji Joseph Warioba, asasi za wanawake ziliungana katika Mtandao wa Wanawake na Katiba, ulioratibiwa na WFT. Uratibu wa aina hii haupendwi na wafadhili wengi, kwa sababu hauzai kisima wala darasa la kupiga picha. Unazaa vikao, mashauriano, tafsiri ya vifungu vya rasimu kwa lugha inayoeleweka, na safari za kwenda Dodoma. Bunge Maalum lilianza Februari 2014, likapasuka mwezi Aprili wajumbe wa UKAWA walipotoka nje, na bado Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba mwaka huo ikabeba usawa wa uwakilishi kati ya wanawake na wanaume bungeni pamoja na haki ya wanawake kumiliki ardhi. Si sahihi kusema kwamba ruzuku ndizo zilizoleta vifungu hivyo; madai hayo yalikuwa na umri mkubwa kuliko mfuko. Linaloweza kutetewa ni kwamba madai hayo yalifika Dodoma yakiwa na sauti moja, na sauti moja ina gharama.

Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Hapa ndipo udhaifu wa mfumo unapojitokeza. Mradi una tarehe ya mwisho; dai la kikatiba halina. Aidha, kadiri mfuko unavyowajibika kwa wafadhili wa nje, ndivyo unavyolazimika kuvitaka vikundi viwe na usajili, akaunti ya benki na taarifa za robo mwaka, yaani umbo lile lile lililoiweka BAWATA hatarini. Kanuni za mwaka 2018, zilizozitaka asasi zisizo za kiserikali kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20, ziliongeza mzigo huo. Uwazi si jambo baya. Swali ni nani anaonyeshwa hesabu.

Katika kikoba, swali hilo lina jibu linaloonekana kwa macho. Sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu, funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kikao. Mwanachama asiyejua kusoma anaweza kukagua. Taarifa ya ruzuku huandikwa wilayani, hutafsiriwa Kiingereza Dar es Salaam, kisha hutumwa kwa msomaji ambaye kikundi hakitamwona, na nakala yake ni nadra kurudi kijijini.