Upandikizaji figo: Nyumba moja hujiandalia vitanda viwili

MGONJWA wa figo kutoka Kisii au Nyamira anapoarifiwa kuwa amekubaliwa kupandikizwa figo, jamaa wengi hudhani kazi iliyosalia ni ya daktari. La hasha. Hapo ndipo kazi ya familia inapoanza, na jambo linalosahaulika mno ni kwamba upasuaji huu hulaza hospitalini watu wawili kwa siku moja, aghalabu wa nyumba moja: mgonjwa na ndugu anayempa figo.

Huduma ya kusafishwa damu kwa mashine hupatikana karibu, mathalani katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Upandikizaji, hata hivyo, kwa miaka mingi umefanyiwa mbali na nyumbani, hasa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kando na hospitali kadhaa za kibinafsi. Kutoka mji wa Kisii hadi Nairobi ni takriban kilomita 300 kupitia Narok, na Eldoret ni zaidi ya kilomita 200.

Upandikizaji wa kwanza kufaulu duniani ulifanywa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Daktari Joseph Murray alipandikiza figo ya Ronald Herrick katika mwili wa pacha wake, Richard, ambaye aliishi miaka minane zaidi. Hao walikuwa pacha wa kufanana, kwa hivyo mwili wa Richard haukukiona kiungo hicho kuwa kigeni. Ndugu wa kawaida hawana bahati hiyo, ndiyo maana vipimo ni vingi.

Kwanza hupimwa aina ya damu, kisha ulinganifu wa chembechembe za mwili, halafu damu ya wawili hao huchanganywa kwenye maabara kutazama iwapo kingamwili za mgonjwa zitaishambulia figo hiyo. Kipimo hiki cha mwisho hurudiwa siku chache kabla ya upasuaji. Kuongezwa damu huweza kuzidisha kingamwili hizo. Mgonjwa aliyeongezwa damu karibuni sharti awaeleze madaktari. Hutafutwa pia maambukizi yaliyojificha: kifua kikuu, homa ya ini, virusi vya Ukimwi, hata jino bovu. Jino hilo ling'olewe au lizibwe mapema, na chanjo ya homa ya ini aina ya B ikamilishwe, kwa sababu baada ya upasuaji kinga ya mwili itapunguzwa makusudi.

Anayetoa figo hupimwa kwa ukali uo huo. Shinikizo la damu na kisukari huchunguzwa, figo zake zote mbili hupigwa picha, naye huhojiwa akiwa peke yake. Mahojiano hayo si desturi tupu. Katika baraza la ukoo ni vigumu kijana kukataa mbele ya wazee, hasa iwapo mgonjwa ndiye aliyemlipia karo. Sheria ya Afya ya 2017 yataka ridhaa ya hiari, na mtoaji ana haki ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho. Familia ya busara hutafuta watoaji zaidi ya mmoja, wala haimlaumu anayejiondoa.

Sheria hiyo hiyo inaharamisha biashara ya viungo. Adhabu hufikia faini ya Sh10 milioni au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Mnamo Oktoba 2022, Hospitali ya Kenyatta ililazimika kutangaza kwamba figo haziuzwi, baada ya watu wengi kuiuliza bei ya figo zao. Kwa hivyo vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na stakabadhi nyingine za kuthibitisha uhusiano ziandaliwe mapema. Kwa watoto wa mitala, ambao pengine majina ya baba yameandikwa kwa tahajia tofauti, shughuli hiyo huweza kumaliza wiki nzima.

Kuhusu fedha, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Mgonjwa na mtoaji wote wahakikishe wamesajiliwa na michango yao haina pengo, kisha waulize hospitali kwa maandishi ni sehemu gani ya gharama bima italipa. Harambee nyingi hulenga ada ya upasuaji pekee. Husahau vipimo, nauli, chumba cha kupanga na dawa za miezi ya kwanza. Husahau pia kwamba mtoaji hatabeba kikapu cha majani chai wala mtungi wa maji kwa takriban wiki sita. Nani atachuma chai na kukama ng'ombe wakati huo?

Chakula nacho kina mtego wake. Ndizi, parachichi na mboga za kienyeji kama chinsaga, fahari ya meza ya Mkisii, zina madini mengi ya potasiamu, ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa. Karamu ya kumuaga mgonjwa yaweza kuupandisha kiwango hicho hadi moyo ukahatarishwa na upasuaji ukaahirishwa. Dawa za miti shamba ziachwe kabisa, na kama zimetumiwa, daktari aambiwe bila aibu.

Mkoba wa hospitali uwe mwepesi: nguo pana zisizobana tumbo, malapa, mswaki mpya, orodha ya dawa zote, na matokeo ya vipimo. Anayekwenda Eldoret abebe sweta, kwani baridi ya usiku huko hushinda ya Kisii. Mgonjwa huingia siku moja au kadhaa kabla, pengine husafishwa damu mara ya mwisho, kisha hafungui kinywa kuanzia usiku.

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Wakati mwingine figo hiyo huchelewa kufanya kazi na mashine ikahitajika siku chache zaidi, jambo lisilomaanisha kuwa imekataliwa. Aliyezoea kupimiwa maji kwa kikombe sasa huhimizwa kunywa kwa wingi. Wengi huogopa, na muuguzi hulazimika kuwabembeleza.

Mtoaji kwa kawaida huruhusiwa kutoka baada ya siku chache. Mgonjwa hukaa wiki moja au mbili, kisha hutakiwa kurudi kliniki mara mbili au zaidi kwa wiki, hivyo ni heri apange chumba karibu na hospitali kuliko kupanda matatu iliyojaa watu wanaokohoa. Dawa za kuzuia mwili kuikataa figo humezwa kila siku, kwa saa zile zile, maisha yote ya figo hiyo. Kabla ya kurejea Kisii, familia itafute duka la dawa lililo karibu ambalo huziweka, na iwe na akiba ya wiki kadhaa.

Huachwa pia kijibomba laini kati ya figo mpya na kibofu, ambacho hutolewa baada ya wiki nne hadi sita. Tarehe ya kukitoa iandikwe kwenye kadi kabla ya mgonjwa kuondoka wodini.