Kuweka Akiba Huku Unadaiwa: Ziada ya Mapato ya Rasilimali na Mipaka ya Mfano wa Norway

Desemba 2023 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa taifa wa akiba. Kwa miaka 15 ya mwanzo, asilimia 40 ya mapato ya serikali yatokanayo na gesi ya bonde la Rovuma itawekwa mfukoni na asilimia 60 itaingia kwenye bajeti. Ni sheria iliyoandikwa kwa nia njema. Lakini ni ya nchi ambayo Aprili 2016 ilibainika kuwa kampuni zake za umma zilikuwa zimekopa kwa siri. Ukijumlisha na mkopo uliojulikana wa kununulia meli za kuvulia jodari, deni lililochukuliwa mwaka 2013 na 2014 lilikaribia dola bilioni 2. Wakopeshaji walitoa fedha wakiitazama gesi iliyokuwa bado chini ya bahari. Januari 2017 serikali ilishindwa kulipa riba. Shehena ya kwanza ya gesi ya kimiminika kutoka mtambo wa Coral Sul, katika bonde hilo, iliondoka Novemba 2022, karibu muongo mzima baada ya deni.

Hoja ya makala haya ni kwamba serikali yenye deni la riba kubwa haina ziada ya kuwekeza ng'ambo, hata kama mapato ya rasilimali yamezidi makadirio mara mbili. Fedha hizo zina kazi ya kupunguza deni, kujenga kinga ya kiasi dhidi ya kuyumba kwa bei, na kuwekezwa nyumbani kwa kasi ambayo mafundi, walimu na wahasibu wa halmashauri wanaweza kuihimili. Mfuko wa vizazi vijavyo unakuja baadaye, pengine baadaye sana. Suala hili linaihusu Tanzania moja kwa moja. Sheria yake ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015 imeweka mpaka wa asilimia 3 ya Pato la Taifa, na mapato yanayozidi hapo huenda kwenye akaunti ya akiba. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay bado haijaukaribia mpaka huo. Siku ya kuufikia ikija, mjadala utakuwa umechelewa.

Kila linapozungumzwa jambo hili, Norway hutajwa mapema. Mfano wenyewe ni mzuri. Kinachosahaulika ni tarehe zake. Eneo la mafuta la Ekofisk liligunduliwa mwaka 1969, sheria ya mfuko ikatungwa mwaka 1990, na fedha za kwanza zikawekwa mwaka 1996. Katika miaka hiyo 27 Norway ilikopa nje kwa wingi, ikajenga utaalamu wake wa kuchimba baharini, ikapanua huduma za jamii na ikalipa ilichokopa. Mfuko ulipoanza kujazwa, ni kwa sababu bajeti yenyewe ilikuwa imebakiza fedha. Hapo ndipo penye siri ya utaratibu wao: mapato ya mafuta huingia mfukoni, mfuko huziba nakisi ya bajeti isiyohesabu mafuta, na kinachosalia ndicho kinachoitwa akiba. Kanuni ya mwaka 2001 ilielekeza kwamba kiasi kinachochotwa kwa wastani kisizidi asilimia 4 ya thamani ya mfuko, na mwaka 2017 kikashushwa hadi asilimia 3. Kwa mpangilio huo ni vigumu waziri wa fedha kutangaza akiba kwa mkono mmoja huku mwingine ukisaini mkataba wa mkopo.

Ghana ilifanya hivyo hasa, na si kwa uvivu wa kufikiri. Eneo la Jubilee liligunduliwa mwaka 2007 na mafuta yakaanza kutoka Desemba 2010. Sheria Na. 815 ya mwaka 2011 iliyofuata ni miongoni mwa sheria zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa barani: mfuko wa kuimarisha bajeti, mfuko wa urithi, na kamati ya umma ya kufuatilia uwajibikaji yenye wajumbe kutoka vyama vya kitaaluma, machifu na asasi za dini. Fedha za urithi zinawekwa katika hati salama za ng'ambo. Wakati huo huo Hazina ya Ghana ilikuwa sokoni ikiuza hati fungani za dola: kwa riba ya asilimia 7.875 mwaka 2013, asilimia 8.125 mwaka 2014, na asilimia 10.75 mwaka 2015, licha ya hati hiyo ya mwisho kuwa na dhamana ya sehemu ya Benki ya Dunia. Mwaka huo wa 2015 hati za serikali ya Marekani za miaka 10 zilikuwa zikilipa kama asilimia 2. Tofauti ni zaidi ya senti nane kwa kila dola, kila mwaka, na anayeibeba ni mlipakodi wa Ghana. Desemba 2022 nchi ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje, mfuko wa urithi ukiwa bado upo.

Mama lishe anayeficha elfu hamsini kwenye kibubu huku akidaiwa mkopo wa kausha damu hahitaji mchumi wa kumweleza kosa lake. Hazina ya nchi huhitaji, kwa sababu kibubu chake kina bodi, kina ripoti ya robo mwaka, na kimepewa jina la watoto ambao hawajazaliwa.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii ni la kisiasa, na sipendi kulipita juu juu. Serikali ikilipa deni, inajiongezea nafasi ya kukopa. Na waziri ajaye, uchaguzi ukikaribia, ataitumia nafasi hiyo. Fedha iliyolipia deni imeshaondoka, ilhali mfuko una akaunti, una sheria na una watu wanaoulinda. Kwa maana hiyo hasara ya senti nane ni gharama ya kufuli. Ningeikubali hoja hiyo kama kufuli lingekuwa linafunga. Chad, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilitunga sheria mwaka 1999 ikitenga asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja ya mafuta kwa vizazi vijavyo. Mafuta yalianza kuuzwa mwaka 2003, na mwishoni mwa mwaka 2005 Bunge likaibadilisha sheria na kuufuta mfuko huo. Uganda ilianza kuchota kwenye mfuko wake wa petroli kufidia bajeti kabla pipa la kwanza la Ziwa Albert halijauzwa. Ghana nayo iliwekea mfuko wa uimarishaji ukomo wa dola milioni 250 mwaka 2014, mwaka ule ule ambao bei ya mafuta iliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa, na Januari 2015 ilikuwa chini ya 50. Mfuko uliokusudiwa kwa siku kama hizo ulikuwa umeshapunguzwa.

Kinachopaswa kufungwa kisheria, basi, ni tofauti kati ya mali ya fedha ambayo nchi inamiliki na deni inalodaiwa. Kila Juni, pamoja na hotuba ya bajeti, Bunge lipewe namba hiyo moja, ikijumuisha dhamana zote ambazo serikali imeyatolea mashirika yake. Msumbiji ilizamia hapo kwenye dhamana, wala si kwenye matumizi ya bajeti iliyosomwa hadharani. Waziri akikopa baada ya kulipa, namba itarudi palepale na kila mtu ataiona. Si kufuli kamili. Hakuna kufuli kamili dhidi ya serikali yenye wabunge wengi. Lakini ni vigumu zaidi kuidanganya namba hiyo kuliko salio la mfuko mmoja.

Kinga dhidi ya bei ni suala tofauti, na Afrika Mashariki ina somo lake kongwe kuliko gesi. Baridi iliyounguza mibuni ya Brazili Julai 1975 ilizipandishia Kenya na Tanzania bei ya kahawa kwa kiwango kisichokuwa kimeonekana. Kenya iliiacha bei ya dunia imfikie mkulima. Utafiti wa wachumi waliofuatilia kipindi hicho ulionyesha jambo linalowaudhi wapangaji wa mipango hadi leo: wakulima waliweka akiba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo, ilhali matumizi ya serikali yalipanda na hayakushuka bei iliposhuka. Tanzania ilibakiza sehemu kubwa mikononi mwa serikali na mamlaka ya zao. Akiba ya fedha za kigeni ikanenepa. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa, na akiba ikayeyuka katika muda mfupi. Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Nchi ilikwenda vitani ghala likiwa tupu.

Linganisha na Botswana mwishoni mwa mwaka 1981, soko la almasi lilipodorora kiasi kwamba kwa miezi kadhaa nchi haikuuza almasi kabisa. Serikali ilikuwa imejiwekea fedha za kigeni za kutosha kuendelea kulipa mishahara, ikabana matumizi, na mgodi wa Jwaneng ukafunguliwa mwaka 1982 kama ilivyopangwa. Mfuko wa Pula, ule unaotajwa sana, haukuanzishwa mpaka mwaka 1994. Hata hivyo Botswana isigeuzwe mtakatifu. Miaka zaidi ya 50 ya almasi haikuzaa uchumi mwingine wa kuajiri vijana wake, na almasi zilipodorora tena, akiba ilichotwa na chama kilichotawala tangu uhuru wa mwaka 1966 kikaangushwa kwenye uchaguzi wa Oktoba 2024. Kinga ya bei hununua muda; haijengi kiwanda.

Nyumbani je, fedha zikija kwa mkupuo zinaweza kutumika vizuri? Tanzania ina jaribio la karibuni. Mwaka 2021 ilipata shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kukabili athari za UVIKO-19. Ulikuwa mkopo nafuu, si ziada, lakini uliingia kama ziada huingia: ghafla na kwa wingi. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila moja na kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo kamati ya shule hununua vifaa na kumlipa fundi wa pale pale. Madarasa yalisimama ndani ya miezi michache, na waliodhani serikali za mitaa haziwezi walipaswa kunyamaza. Lakini kila halmashauri ilikuwa sokoni wiki ile ile ikitafuta saruji ile ile na nondo zile zile, na malalamiko ya bei yakasikika nchi nzima. Na darasa linahitaji mwalimu, ambaye mshahara wake uko kwenye matumizi ya kawaida kila mwezi kwa miaka 30. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimejaa zahanati zilizokamilika bila watumishi na maboma yaliyosimamishwa kwa nguvu za wananchi yakingoja kupauliwa. Botswana ilikuwa na kanuni ya kawaida kabisa hapa: mradi hauingii kwenye mpango wa taifa bila gharama zake za kuuendesha kukadiriwa na kutafutiwa chanzo. Ningeichukua kanuni hiyo kabla ya kuchukua mfuko wowote.

Kasi ina hatari nyingine kwa mikoa ya kusini hasa. Dola za gesi zikiingia kwa wingi na kubadilishwa zote kutumika ndani, shilingi hupanda thamani, na mkulima wa korosho wa Tandahimba, ambaye bei yake mnadani hutokana na dola, hupata shilingi pungufu kwa kilo ile ile. Kulipa deni la nje hakuna madhara hayo: dola iliyoingia hutoka kama dola.

Ila kulipa deni hakuna utepe wa kukata. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa kauli ya "gesi haitoki" dhidi ya bomba la kwenda Dar es Salaam, na wanajeshi wakapelekwa. Mwananchi wa kijiji cha Msimbati, Mtwara, hawezi kuambiwa kwamba sehemu yake ya gesi ni riba isiyolipwa kwa benki ya ng'ambo. Botswana iliikabili hoja hii mapema: sheria ya mwaka 1967 iliweka haki za madini mikononi mwa taifa, na Seretse Khama aliyeiongoza nchi alitoka kabila la Bamangwato, ambao ardhi yao ndiyo yenye mgodi wa almasi wa Orapa. Tanzania haina tukio la aina hiyo la kuegemea. Inacho ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo na kwenda halmashauri kama Kilwa, na watu wachache nje ya ofisi ya mweka hazina wanaojua ulifanya nini. Mgao wa wazi kwa halmashauri zenye gesi, unaobandikwa kwenye ubao wa kijiji kama fedha za shule zinavyobandikwa, ndiyo gharama halali ya kisiasa ya kuielekeza sehemu kubwa iliyobaki kwenye deni.

Mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya muongo. Hata mkataba ukisainiwa, itapita miaka ya ujenzi na mingine ya wawekezaji kurudisha gharama zao kabla Hazina haijaona fedha nzito. Katika miaka hiyo kishawishi cha kukopa kwa ahadi ya gesi kitakuwa kikubwa kuliko kishawishi chochote cha kuitumia. Mkataba wa mradi utakuwa na vifungu vya kuzuia mabadiliko kwa miongo kadhaa. Sheria ya mwaka 2015 haina kizuizi hicho: Bunge linaweza kuirekebisha katika mkutano mmoja, ili mapato yanayovuka asilimia 3 yapunguze kwanza mikopo ya kibiashara na akaunti ya akiba ianze kujazwa bajeti isiyohesabu gesi itakapoacha kutegemea mikopo hiyo. Kwa sasa hakuna fedha ya kugombewa wala mnufaika wa kuyapinga marekebisho hayo.