Mapenzi, Ukoo na Mahari: Historia ya Ndoa Machame katika Mizani ya Fiqhi

Mapenzi baina ya mwanamume na mwanamke ni maumbile aliyoyaweka Allah (S.W.) Mwenyewe. Suratur-Ruum aya ya 21 inayataja mapenzi na huruma baina ya wanandoa kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Hata hivyo, nani afaaye kuchumbiwa, nani aseme kwa niaba ya wachumba na nini kitolewe, kila jamii imejiwekea utaratibu wake. Ndugu msomaji, tutazame Machame, upande wa magharibi wa miteremko ya Kilimanjaro, tuone ada ilivyoyaelekeza mapenzi na Sheria inasema nini.

Nani wa kuchumbiwa?

Wachagga wa Machame wanahesabu nasaba kwa upande wa baba, na kila ukoo una vihamba vyake vya migomba na kahawa. Kwa mila yao mtu haoi ndani ya ukoo wake. Binti wa baba mdogo ni dada, na kijana aliyelelewa hivyo hamtazami kwa jicho la uchumba. Ukiteremka pwani, Lamu au Pemba, utakuta binti huyo huyo wa ami ndiye anayetajwa wa kwanza mtoto wa kiume anapofikia kuoa. Damu ni ile ile. Malezi ndiyo yaliyomfanya huku awe dada na kule awe mchumba.

Qur-an imewataja wanawake walioharimishwa katika Suratun-Nisaa aya ya 23, na binti wa ami hayumo. Kwa hiyo kumuoa ni halali, lakini si wajibu. Muislamu wa Machame anayeacha kuoa ndani ya ukoo kwa kufuata ada ya kwao hana kosa. Kosa ni kusema kuwa jambo hilo ni haramu, kwani kuharimisha ni haki ya Allah peke Yake.

Nani aseme?

Zamani ndoa ya Machame ilikuwa mapatano ya koo mbili. Wazee na mshenga ndio waliokwenda na kurudi. Bruno Gutmann, mmishenari Mjerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia mwaka 1902, alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachagga. Humo ndoa inaonekana kuwa ni mlolongo mrefu wa zawadi na wajibu baina ya jamaa. Mapenzi yalitarajiwa yaote baada ya bibi harusi kuingia kwa mama mkwe, kama mgomba unavyoota baada ya kupandwa. Mume akifa, mjane aliweza kuhamia kwa ndugu wa marehemu, kwa kuwa alihesabiwa kuwa ni wa ukoo.

Hapa Sheria imeweka mpaka. Suratun-Nisaa aya ya 19 inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Ndugu wa marehemu anaweza kumposa mjane baada ya eda kama mtu mwingine yeyote, naye ana haki ya kukataa. Ama binti bikra, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, wamempa baba mamlaka ya kumuozesha, lakini kwa masharti: pasiwepo uadui wa dhahiri baina yao, na mume awe anayelingana naye. Kumtaka idhini yake ni sunna. Wahanafi wameshika kuwa binti aliyebaleghe halazimishwi.

Bukhari amepokea kisa cha Barira, aliyeachwa huru na akakhiyarishwa kuhusu mumewe, Mughith, ambaye bado alikuwa mtumwa. Mughith alimfuata katika njia za Madina huku akilia. Mtume (S.A.W.) alimuombea arudiwe. Barira aliuliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, alikataa, na hakulaumiwa. Mtume (S.A.W.) aliyaonea huruma mapenzi ya Mughith, lakini hakuyafanya kuwa kamba ya kumfunga Barira.

Nini kitolewe?

Ng'ombe, mbuzi na pombe ya mbege vilikuwa sehemu ya posa ya Kichagga. Kijana asiye na mifugo alimtegemea baba yake, na kwa hiyo chaguo la baba lilikuwa na nguvu. Kahawa ilibadilisha hali hiyo. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kijana mwenye fedha yake aliweza kuanza posa mwenyewe. Lakini ardhi haikuongezeka. Kwa mila, mtoto wa kwanza hupewa sehemu na wa mwisho hubaki katika kihamba cha baba. Wa katikati aliyependa na kupendwa alilazimika kwanza kutafuta pa kuishi, pengine mbali na mlima.

Suratun-Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Mahari ni mali ya bibi harusi, si ya baba wala ya wajomba. Mbuzi wa wazee, wakitolewa kwa ridhaa, ni zawadi na ada isiyo na ubaya. Mbege haina nafasi, kwani kinacholevya ni haramu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo haifanyi mahari ya kimila kuwa sharti la ndoa kusihi.

Funzo kwa maimamu

Kanuni ya fiqhi inasema kuwa ada huzingatiwa katika hukumu, maadamu haipingani na nassi. Imamu anapoletewa vijana wawili waliopendana, na jamaa wamesimamisha nikaha kwa sababu ya mbuzi waliobaki, atenganishe mambo matatu: mahari ya binti, zawadi ya wazee, na lililoharimishwa. La kwanza ni haki yake. La pili linaweza kusubiri au kusamehewa. La tatu liondolewe. Walii anayemzuia binti mwenye ridhaa asiolewe na mtu anayelingana naye, kwa sababu tu ya deni la mila, anaingia katika kile mafaqihi wanachokiita adhl, na hapo kadhi ana uwezo wa kumuozesha.

Wazee wa Machame walijua kuwa mapenzi bila jamaa hayana pa kuegemea, na hilo ni kweli. Sheria imeongeza kuwa jamaa nao hawana haki ya kuyauza wala kuyalazimisha.

Wallahu a'lam.