Foki ya Baiskeli

Msomaji wangu, ukipita Jumapili jioni katika mitaa ya Eastlands, mathalani Kaloleni, Jericho au Buruburu, huenda ukawakuta vijana wakicheza na baiskeli penye ngazi na kuta fupi. Hawana safari. Waruka kutoka kidato hadi kidato, wasimama juu ya gurudumu moja, na ashindwaye ni yule ambaye mguu wake umegusa ardhi kwanza. Wengi wao wana baiskeli za mlimani zilizonunuliwa kwa mitumba, nazo hazikuundwa kwa mchezo huo. Jambo la kwanza wanalotaka kubadili ni foki, yaani ule uma wa mbele ushikao gurudumu. Nataka nikueleze historia ya uma huo, kwa kuwa asiyeijua aweza kuumia.

Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry huko Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma. Miaka mitatu baadaye Dunlop akatengeneza tairi la upepo. Foki ya baiskeli za namna hiyo ilikuwa chuma kitupu, kimepinda kidogo kuelekea mbele, bila springi yoyote. Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, uliipokea baiskeli hiyo mapema, na wafanyakazi wengi wa Eastlands waliiendea kazini. Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Ilikuwa nzito, yenye gurudumu la inchi 28 na breki za fito, lakini ilibeba gunia la makaa bila kulalamika.

Springi zilikuja baadaye sana. Vijana wa California katika miaka ya 1970 walianza kuteremka milimani kwa baiskeli za kale, na mwaka 1989 Mmarekani Paul Turner akatoa foki ya springi iitwayo RockShox RS-1. Tangu hapo kila baiskeli ya mlimani, hata ya bei rahisi, ilitaka springi. Nyingine, nasema kweli, ni pambo tu.

Wakati huohuo, huko Katalunya, upande wa Hispania, Pere Pi, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa kampuni ya Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kuigia michezo ya pikipiki. Ndiyo asili ya mchezo wa kuruka vikwazo kwa baiskeli. Waujuao mchezo huo hawaitaki springi. Mwendeshaji akijikaza ili aruke, springi humeza nguvu zake. Akitua kwa gurudumu la mbele, foki huzama, naye hupoteza mizani. Hivyo kijana wa leo arudia chuma kitupu cha babu yake.

Lakini si chuma kilekile! Foki ya Black Mamba ina bomba la inchi 1, lenye nyuzi za nati, liingialo katika shingo ya fremu. Baiskeli nyingi za mlimani zilizoundwa tangu miaka ya 1990 zina bomba nene zaidi, la milimita 28.6, lisilo na nyuzi. Tena foki ya kale ni ya gurudumu kubwa, wala haina mahali pa kufungia breki za kisasa. Hapo ndipo kijana apatapo kishawishi cha kwenda kwa fundi na kusema, “Niunganishie.” Mafundi wa jua kali wa Kamukunji ni hodari, waweza kukuundia sanduku, jiko na toroli. Hata hivyo bomba la foki lililokatwa na kuchomelewa si la kurukia. Nilipata kumwona mvulana mmoja ambaye foki yake ya namna hiyo ilikatika kwenye ukingo wa barabara. Alipoteza meno mawili, na nadhani alikuwa na bahati.

Kisha kuna urefu. Foki ya springi inayozama milimita 100 huwa na urefu wa milimita 470 hivi, kutoka mhimili wa gurudumu hadi chini ya shingo ya fremu. Ukiweka mahali pake foki ngumu ya milimita 400, shingo husimama wima zaidi kwa digrii tatu hivi, na pedeli hushuka karibu na ardhi, hata meno ya mnyororo yakagonga kidato unachotaka kukiruka. Ile ya milimita 440 au 450 hufaa zaidi, kwa sababu springi nayo hubonyea kidogo mtu apandapo. Basi usiende sokoni mikono mitupu. Chukua rula, pima foki yako kabla ya kuifungua, uandike tarakimu hizo kwenye karatasi, na muuzaji akikuambia kwamba foki zote ni sawa, mwonyeshe karatasi yako.