Utamu Ulioingia Baadaye

Wapo wadhanio kwamba kechapu ilizaliwa tamu, na ya kuwa tungule na sukari ni pacha wasiotengana. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Kwa muda mrefu kechapu haikuwa na sukari, wala haikuwa na tungule.

Jina lenyewe aghalabu hunasibishwa na Kihokkien, lugha ya kusini mwa Uchina, ambamo lilihusu mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliuonja mchuzi huo katika bandari za Asia ya Kusini-Mashariki, wakarudi kwao na hamu nao. Kwa kukosa vitu vyenyewe, wapishi wa Uingereza wakabuni vyao: huyu kwa uyoga, yule kwa chaza.

Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha London kitabu cha mapishi, ambamo mna kechapu iliyokusudiwa manahodha, ya kudumu miaka 20. Ilitaka galoni ya bia kali iliyokaa, ratili ya dagaa wa chumvi, ratili ya vitunguu vidogo, uyoga, tangawizi, pilipili manga, nusu wakia ya basibasi na nusu wakia ya karafuu. Vyote vikachemshwa hadi vipungue nusu. Walinzi wa chakula walikuwa chumvi, moto na viungo. Sukari haikuitwa.

Tungule ziliingia baadaye. Mwaka 1812 James Mease, tabibu wa Philadelphia, alichapisha maelekezo yake: tungule zikatwe, zilazwe na chumvi siku nzima, zichemshwe na viungo, kisha zitiwe vitunguu na brandi kidogo. Hapo pia sukari haimo.

Karafuu nayo ina kisa chake. Zama za Glasse biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waholanzi, waliotawala visiwa vya Maluku. Karne ya 19 ikaihamishia Unguja na Pemba. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliimarisha safari za merikebu za Salem, na karafuu ikawa miongoni mwa shehena zao. Harufu ile iliyopendeza meza za mbali ilichumwa kwa mikono ya watumwa, hadi sheria ya 1897 ilipouvunja utumwa visiwani.

Wapishi wa nyumbani walianza kutia sukari kidogo kidogo katika karne hiyo. Lakini kilichoifanya kechapu kuwa tamu hasa ni kiwanda. Kampuni ya Heinz ilianza kuuza kechapu mwaka 1876, na wengi walikuwa katika biashara hiyo. Baadhi yao walitumia mabaki ya tungule, wakazuia uozo kwa benzoeti ya sodiamu. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliipiga vita dawa hiyo. Na sheria ya vyakula safi ikapitishwa mwaka 1906. Heinz akaiacha dawa, akachagua tungule zilizoiva vyema, akazidisha siki na sukari. Sukari huyafunga maji, vijidudu vikakosa pa kustawi. Kwa hiyo utamu ulizidishwa kwanza kwa ajili ya chupa idumu. Ulimi ukazoea baadaye. Miongo saba hivi mbele, viwanda vingi vya Marekani vikabadili sukari kwa shira ya mahindi, iliyokuwa rahisi zaidi. Leo kijiko kikubwa kimoja cha kechapu ya dukani aghalabu kina karibu gramu 4 za sukari.

Apikaye nyumbani bila sukari ya kiwandani, basi, hazui jambo jipya. Tungule mbivu huchemshwa na kitunguu, huchujwa, kisha hurudishwa motoni taratibu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tungule ni maji, moto mdogo huyapunguza na utamu wake wa asili hukolea. Atakaye zaidi husaga tende mbili tatu. Siki, chumvi, mdalasini na punje chache za karafuu hukamilisha kazi.

Kechapu hiyo haikai kama ya dukani. Hutunzwa kwenye jokofu na huliwa mapema. Hiyo ndiyo bei yake. Aliyetaka ikae rafuni miezi mingi alikuwa mwenye kiwanda. Mwenye chungu hana haja hiyo: hupika cha kuwatosha walio nyumbani, kikesha akapika kingine.